Mgongo Uko Makete

Juni ikiingia, Njombe hupoa kwelikweli. Mji uko karibu mita 2,000 juu ya usawa wa bahari, na sisi tuliozaliwa Tanga, ambako shuka la usiku ni la heshima tu, tunajifunza upya hata kuoga. Maji ya moto yapo kwenye ndoo, lakini kuvua sweta ndio mtihani.

Kipupwe hiki kina raha zake, na karibu zote ziko kando ya jiko la mkaa. Nafasi ni chache, kwa hiyo kila mtu ana shughuli isiyomruhusu kusogea. Baba mkwe anatengeneza redio. Redio ni nzima. Huifungua, huipuliza vumbi, huifunga, kesho yake anaanza tena. Mwanangu anachoma viazi, kimoja kimoja, visije vikaisha mapema. Mimi nafuma soksi, maana nimechunguza nikaona nyumba hii haimtumi dukani mtu aliyeshika sindano.

Mama mkwe yeye ana mamlaka ya dirisha. Jiko huwashiwa nje mpaka moshi uishe, ndipo liingie, na likiingia dirisha linakuwa wazi, kwa kuwa ile hewa ya sumu ya mkaa, kaboni monoksidi, haina rangi wala harufu.

“Mama, baridi,” nililalamika.

“Baridi humtoa mtu makamasi, mwanangu. Mkaa humtoa roho.”

Hapo huna jibu. Basi tunaota moto hivyo hivyo: uso uko Tanga, mgongo uko Makete.

Juzi donge langu la uzi lilibingirika likaingia chini ya jiko. Sufu ikiungua hunuka kama nywele. Mama mkwe akajishika kilemba. Mwanangu akakipasua kiazi, akakinusa, akakila kuondoa shaka. Baba mkwe akachomoa betri za redio, akatangaza kwamba safari hii imeharibika kweli. Sijapata kumwona na furaha kiasi kile. Mimi niliinama, nikaendelea kuhesabu mishono.

Uzi ulionusurika ulitosha soksi moja na kisigino cha ya pili, hivyo ya kwanza inafika gotini, mwenzake inaishia kwenye kifundo. Nilimpa baba mkwe. Alizigeuza, akazipima kwa macho, kisha akazivaa bila neno: ile ndefu, mguu ulio upande wa dirisha.