Gari la Kombolela

Gari langu linaitwa gari la michezo, na mchezo linaoujua ni kombolela: ugonjwa unajificha, mimi nautafuta. Ni Toyota Altezza, ile iliyotwaa tuzo ya gari la mwaka la Japani ya 1998–1999 na kuuzwa Ulaya kwa jina la Lexus IS. Mishale ya dashibodi yake imepangwa ndani ya duara moja kama saa ya mkononi ya bwana harusi. Hiyo saa ndiyo iliyoniponza. Mtu mzima mwenye watoto watatu na kilo 92 nilitoka nyumbani kwenda kununua gari la familia, nikarudi na hili.

Balaa lilianza kwenye taa za Buguruni, saa nane mchana, jua la utosi. Gari likazima. Halikukohoa, halikutetemeka, lilizima kama simu iliyoishiwa chaji. Nikapiga starta: inazunguka, haiwaki. Daladala za nyuma zikaanza kunisalimia kwa honi, na konda mmoja akachomoza kichwa kuniuliza kama nimesimama ili watu wapige picha. Wauza maji wakanisukuma hadi pembeni. Nusu saa baadaye nikajaribu tena, likawaka kana kwamba hatukugombana.

Wiki mbili ikawa hivyo. Likipata moto linazima, likipoa linawaka. Fundi wa kwanza akasema pampu ya mafuta; nikanunua pampu. Wa pili akasema plagi; nikanunua plagi. Shemeji yangu, ambaye hana hata baiskeli, akasema petroli chafu. Mama watoto peke yake ndiye aliyesoma dalili vizuri: "Hilo gari mmefanana. Mkipandwa na joto mnanuna, mpaka mpoe ndiyo muongee."

Hakukosea sana. Kijana mmoja mwenye mashine ya kupimia aliichomeka, ikatema namba P0335: krenki sensa. Ni kidude kisichozidi kidole gumba, ndani kina sumaku na waya mwembamba kama unywele uliozungushwa mara nyingi. Kinakaa pua kwa pua na gurudumu la chuma lenye meno, linalozunguka pamoja na krenkishafti. Kila jino likipita, umeme kidogo unazaliwa, na kontroli boksi inahesabu. Kwenye Toyota nyingi gurudumu hilo lina nafasi za meno 36, lakini mawili hayapo, limeachwa pengo makusudi kama la mtoto wa darasa la kwanza, na kwa pengo hilo kompyuta inajua pistoni zimefika wapi. Waya ukizeeka, joto huutanua mpaka unaachia. Hapo kompyuta haioni jino hata moja, inaamini injini imesimama, nayo inakata mafuta na moto wa plagi. Yaani gari linazima kwa sababu limeambiwa limeshazima. Nimewahi kufanya kazi ofisi ya namna hiyo.

Ufundi niliambiwa shilingi 80,000. Video niliyoitazama usiku ilisema boliti moja, spana namba 10, dakika 15. Mzungu wa kwenye video alikuwa na gereji yenye sakafu safi kuliko sebule yangu. Mimi nilikuwa na boksi la televisheni la kulalia, jeki, mawe mawili ya kuzuia magurudumu, na spea tairi niliyoisukumia uvunguni endapo jeki ingebadili mawazo.

Jumamosi saa tatu asubuhi nikaingia chini. Jirani yangu, mzee mstaafu wa reli, alikuwa ameshatoa kiti kivulini.

"Shikamoo, mzee."

"Marahaba, mwanangu. Kule kwetu, aliyelala chini ya injini tulimwandikia barua ya onyo."

Kitu cha kwanza nilichofungua hakikuwa sensa. Kilikuwa swichi ya oili. Nilijua hivyo pale oili ilipofuata mkono wangu, ikapita kwenye kiwiko na kutua kwapani bila haraka. Nikairudisha swichi mahali pake. Mzee akakohoa kidogo, kikohozi cha mtu anayezuia kicheko.

Sensa yenyewe niliiona saa tano. Klipu ya soketi yake, plastiki iliyovumilia joto zaidi ya miaka ishirini, ilivunjika nilipoigusa tu. Boliti ilikubali kutoka, ikaniponyoka kwenye vidole vya oili, ikapotea. Nikachomoa sensa, nikaiweka juu ya boksi, nikaanza msako. Baada ya robo saa nikaita watoto. Baada ya nusu saa wakaja na wa jirani. Mmoja akaleta chekecheo la jikoni, tukachekecha mchanga wote wa chini ya gari. Mimi nilisimama katikati na ile sensa mbovu mkononi, nikiwaonyesha kwa ncha yake: wewe huku, wewe kule, angalieni na kwenye mfereji.

"Mwanangu," mzee akasema, "hicho kilichoganda kwenye fimbo yako ya uongozi ni nini?"

Ilikuwa boliti. Sumaku ilikuwa imeinasa tangu kule kwenye boksi. Chekecheo lilirudi jikoni limenuka oili, na jambo hilo lilizungumzwa hadi usiku.

Sensa mpya ikaingia saa tisa. Klipu nikaifunga kwa mpira wa tyubu ya baiskeli, kitu ambacho mzungu wa video hakukitaja hata kidogo. Jumatatu saa nane mchana nikaenda kusimama kwenye taa za Buguruni kwa makusudi. Likanguruma pale hadi kijani. Nilimtafuta yule konda kwa macho, sikumwona.

Sensa ya zamani sikuitupa. Mama watoto anaokotea sindano zinazoanguka chini ya cherehani, na kwake haijazima hata siku moja.