Mama Furaha na Programu ya Furaha

Kwenye vilima vya juu ya Kitshanga, ukipanda mpaka mabati ya mji yanabaki chini yaking'aa baada ya mvua, kulikuwa na chama cha maziwa kilichoongozwa na mbuzi. Usiniulize mbuzi alifikaje kuongoza chama cha ng'ombe. Maswali ya namna hiyo hapa Masisi hujibiwa na mwenye ndevu, na ndevu alikuwa nazo. Walimwita Prezida Beberu.

Kazi ya chama ilikuwa fromaji, lile duara la manjano ambalo vitabu huliita jibini. Hesabu yake haina mchezo: kilo moja ya fromaji inakula karibu lita 10 za maziwa, na kwa kila lita ya maziwa ng'ombe lazima awe amekunywa lita kadhaa za maji. Prezida aliijua nusu ya kwanza ya hesabu hiyo.

Mkubwa wa ng'ombe alikuwa Mama Furaha, pembe za kienyeji, kiwele cha mbegu ya Uswisi. Umri wake aliuhesabu kwa kukimbia. Bibi yake alipotelea katika vita vya 1993, na hakuna anayeuliza aliishia katika sufuria ya nani. Mwaka 2013 Kitshanga ilipoungua, yeye alikuwa ndama, akakimbia nyuma ya mkia wa mama yake kuelekea Mweso. Januari 2023 waasi wa M23 walipouteka mji alikimbia tena, safari hii ana mimba. Alirudi. Kesho yake asubuhi akakamuliwa.

Basi siku moja Prezida alipanda kutoka Goma akiwa na neno jipya mdomoni: mageuzi. Soko la Goma linataka fromaji nyingi, alisema, na chama lazima kiwe endelevu. Ng'ombe hawakuwa na ugomvi na neno hilo mpaka walipoambiwa maana yake, kwamba badala ya kukamuliwa asubuhi na jioni, sasa ni asubuhi, saa sita na jioni, kwa majani yaleyale na maji yaleyale. Ile saa ya kulala mchana chini ya miti ya mkaratusi ilifutwa. Prezida alikuwa amepita pale akawaona wamelala, macho nusu yamefumba, taya zinazunguka, akaandika katika daftari: wavivu.

Hapa niseme kidogo. Ng'ombe hulala saa 10 hadi 12 kwa siku, na karibu saa 8 kwa siku hucheua. Unayempita njiani ukadhani amekaa bure, ndiyo yuko kazini kwelikweli. Majani yanageuka maziwa pale, si penginepo. Na la ajabu ni kwamba mbuzi naye anacheua. Ila Prezida alicheulia ofisini, na ofisini kucheua kunaitwa kupanga mipango.

Mwezi haukuisha, ng'ombe wakaanza kuchoka vibaya. Mmoja alijikwaa kwenye tope akashindwa kuinuka mpaka jioni. Mwingine, kila Nyani mkamuaji alipomkaribia, alitetemeka na maziwa yakakataa kushuka, maana ng'ombe mwenye hofu huyazuia hata kama kiwele kimejaa. Habari ikafika kwa wafadhili, nao wakaandika barua ya adabu sana wakiuliza kuhusu afya na ustawi wa wafanyakazi. Waliambatanisha nayo karatasi ya Geneva: tangu Juni 2022, Shirika la Kazi Duniani limeweka mahali pa kazi salama na penye afya miongoni mwa haki za msingi za mfanyakazi. Prezida alisoma barua mara mbili. Karatasi ya Geneva aliionja pembeni, akaona haina chumvi, akaihifadhi.

Akamleta Korongo mwenye taji kutoka Goma, mtaalamu, miguu mirefu, hajawahi kukanyaga tope likampita kifundo. Programu ikapewa jina: Furaha Kazini. Mama Furaha aliposikia alidhani wanamfanyia sherehe ya uzee.

Fedha zilikuwa chache, kwa hiyo zilitolewa kwenye sabuni. Sabuni ya Nyani ya kunawia mikono, na ya kuoshea viwele kabla ya kukamua, iligeuka kuwa tisheti nyeupe zenye maandishi ya buluu. Hazikupita kwenye pembe za mtu yeyote. Zikaanikwa kwenye uzio, upepo ukazijaza, na kwa mbali ungedhani kuna wafanyakazi wanene wenye furaha wamesimama mstari mzima.

Semina ilichukua siku moja. Korongo aliwafundisha kuvuta pumzi. Kisha akasema, "Ndugu zangu, nyinyi ni mfano wa ustahimilivu. Mmekimbia, mmerudi, na bado mnatoa maziwa. Dunia nzima inawashangaa."

Mama Furaha akanyoosha shingo. "Baba Korongo, samahani. Mtu akinisifu mgongo, mimi huangalia mkono wake wa pili umeshika gunia gani."

"Swali zuri sana, Mama," alisema Korongo. "Tutalirudia mwisho."

Mwisho ulikuwa ngoma. Korongo anacheza vizuri, hilo siwezi kumnyima: anakunjua mabawa, anaruka, anainamisha taji. Ng'ombe walisimama wakimtazama, na kwa kweli walifurahi kwa muda wa ngoma ile. Halafu kila mmoja akapewa jiwe jeupe na jiwe jeusi. Mwenye furaha atie jeupe kikapuni, asiye na furaha jeusi. Kikapu kilishikwa na Prezida mwenyewe, kifuani, chini ya ndevu. Mawe yote yakawa meupe. Korongo akayapiga picha.

Aliyebaki bila jiwe, bila Fanta, bila jina kwenye orodha ya perdiem, alikuwa Yange, ndege mweupe. Yange ndiye aliyeshinda migongoni na masikioni mwao tangu alfajiri, akitoa kupe, hasa yule wa kahawia anayependa masikio, anayeleta ndigana. Alifanya hivyo miaka yote bila mshahara, wakimwita mtu wa kujitolea. Siku ile alisimama nje ya turubai mpaka chakula kikaisha. Kesho yake hakuonekana. Walisema amehamia kwa ng'ombe wengine, upande wa Kilolirwe.

Nyani naye hakuwa na ubaya. Alikuwa amechoka kama wao, mishahara ya miezi mitatu haijaja, na mikono yake ilinuka samadi. Alipokosa sabuni, alichukua tisheti moja kutoka kwenye uzio, akailowesha kwenye ndoo, akafuta kiwele cha kwanza. Kisha cha pili kwa tisheti ileile. Kisha cha kumi. Asubuhi, saa sita, jioni, Furaha Kazini ilipita kiwele kwa kiwele, na maandishi ya buluu yakageuka kijivu. Siku chache baadaye ng'ombe wa pili kutoka mlangoni alikuwa na chuchu moja ngumu na ya moto. Mama Furaha alilamba kiwele chake usiku kucha. Maziwa yalitoka na vipande kama unga usioiva vizuri.

Yalimiminwa yote. Lita ni lita.

Fromaji ya wiki ile ilishuka Goma na ikapanda tena. Mwenye pikipiki aliirudisha kupitia Sake, magurudumu yamefungwa na tope, akaipanga mbele ya ofisi bila kusema neno, akadai nauli ya kwenda na kurudi. Maduara yalikuwa yamelegea, yanatoa maji. Ukikandamiza kidole, kidole kinabaki na shimo lake.

Prezida aliita mkutano palepale. Alilaumu prezire, ile dawa ya kugandisha maziwa, kwamba waliuziwa ya zamani. Akalaumu vyombo. Akalaumu mvua. Korongo, aliyekuwa amerudi kwa awamu ya pili, alipendekeza semina nyingine. Wote walipomaliza kusema, na kimya kikawa kirefu, ndipo Prezida akakumbuka kumgeukia mkubwa wa ng'ombe.

"Mama Furaha. Nawe unaonaje?"

Mama Furaha alikuwa amelala kando ya uzio, miguu imekunjwa chini ya kifua, taya zinazunguka polepole.

"Ngoja nimeze," alisema.

Wakangoja. Alimeza, tonge likashuka, na mara jingine likapanda shingoni, akaanza kulitafuna. Nyuma yake wengine nao walikuwa wamelala, mmoja mmoja, hakuna aliyewaambia. Prezida akaangalia saa. Ilikuwa saa sita kamili. Nyani alisimama na ndoo, tisheti begani, akawatazama ng'ombe, akamtazama Prezida, kisha akaiweka ndoo chini na kuikalia.

Matone ya kwanza ya mvua yakaanza kugonga fromaji.