Ufupishe, Ila Usibadilike

Mabwana wanaovua samaki kwa starehe wana ombi dogo tu: ufito mtupu wa nyuzi za kaboni, futi 7, uwe futi 6 uenee kwenye buti la gari, na upinde vilevile kama jana. Haya, leteni msumeno.

Ukikata nchani, umeondoa pale pembamba panapohisi samaki akidonoa. Kinachobaki ni kigumu, na kipete cha mwisho cha kupitishia mshipi hakiingii tena, kanunue kikubwa. Ukikata shinani, ncha inapona, ila wenzo wa kurushia chambo unapungua. Ufito wenye unene sawa ukikatwa nusu, ugumu wake huwa mara 8. Wa kwenu umechongoka, hivyo hesabu yake ni nyingine, lakini deni lipo.

Fundi mjuzi hunyofoa inchi chache shinani, hupanga vipete upya, kisha hunyamaza. Mteja hurudi akitabasamu: “Fundi, haujabadilika hata kidogo!” Ungebadilikaje, bwana, na wewe hujautoa kwenye gari tangu uuchukue?