Glasi ya Pembeni

Msyuu! Jana pale kijiweni kahawa ilinipitia vibaya, na aliyesababisha ni muuza kahawa mwenyewe. Sikumwambia.

Nilikuwa namtazama anavyofanya kazi. Vikombe vichache, ndoo moja ya maji: suuza, mimina, mpe mwingine. Kikombe alichonywea wakili wa ghorofani kinaishia mdomoni kwa mpiga debe, na hakuna aliyetapika. Nikawaambia wenzangu, vijijini kule Tamil Nadu, kusini mwa India, kuna vibanda vya chai vilivyozoea kuweka glasi za aina mbili: za watu, na za Dalit, wale wanaoitwa wasioguswa. Ya Dalit inakaa pembeni. Anaichukua mwenyewe, anamiminiwa kwa juu, akimaliza anaiosha na kuirudisha palepale. Pesa yake, lakini, inaingia kwenye droo ileile. Aka! Pesa haina najisi.

"Kwani mzee, hao si Wahindu wote?" akauliza kijana wa bodaboda.

Wengi wao, mwanangu, na ndiyo inauma. Vitabuni utasomewa matabaka manne: Brahmini wa ibada, Kshatriya wa utawala na vita, Vaishya wa biashara, Shudra wa kutumika. Dalit hayumo hata humo. Ila mtaani linalotawala ni jati, na jati ni maelfu: wafinyanzi, wafua nguo, wakamua mafuta, wachuna ngozi. Unazaliwa nayo, unaoa humohumo, na ukifa, vijiji vingi vina pa kuchomea maiti za hawa na pa kuchomea za wale. Taja jina la ukoo tu, mwenyeji wako ameshajua akuingize sebuleni au akumalizie barazani.

Chukua B. R. Ambedkar, aliyezaliwa 1891 katika jati ya Mahar. Darasani alikalia gunia alilotoka nalo kwao. Akishikwa na kiu anamsubiri tarishi wa shule ammiminie maji, maana mkono wake usiguse chombo. Tarishi hakuja leo? Utajua mwenyewe na koo lako. Mtoto huyohuyo akaja kupata udaktari wa falsafa Columbia, New York, akaongeza shahada nyingine London. Lakini aliporudi India kufanya kazi, baada ya Columbia na kabla ya kumaliza London, watumishi wa ofisi walikuwa wakimtupia mafaili mezani kwa mbali. Kwa mbali, jamani! Msomi mzima!

Tarehe 20 Machi 1927 akaongoza maelfu ya watu hadi bwawa la Chavdar, mjini Mahad. Halmashauri ilishaamua miaka mitatu nyuma kwamba maji yale ni ya wote. Ng'ombe wakinywa, sawa; Dalit, bado wanazuiwa. Ambedkar akainama, akachota kwa kiganja, akanywa. Baadaye watu wake wakapigwa, na wakubwa wa mji wakalitakasa bwawa kwa kumwagia vyungu 108 vya maziwa, mtindi, mavi na mkojo wa ng'ombe. Yaani mavi yatakase palipoguswa na mkono wa mtu! Hapo benchi zima lilisonya. Kesi ya maji yale ilikwisha mahakama kuu ya Bombay mwaka 1937, miaka kumi kwa funda moja.

"Si sheria imefuta?" akadakia fundi viatu. Imefuta. Ambedkar ndiye aliyeongoza kamati ya kuandika katiba, na kifungu cha 17 kinapiga marufuku kumtenga mtu kama asiyeguswa. Ajira za serikali kuu, asilimia 15 zimetengwa kwa Dalit, na K. R. Narayanan akawa rais mwaka 1997. Lakini anayezama kwenye mtaro wa maji machafu kuuzibua kwa mikono, hadi leo, mara nyingi ni Dalit. Ambedkar mwenyewe alichoka: Oktoba 1956, kule Nagpur, akahamia dini ya Budha na malaki ya wafuasi. Desemba akafa.

Na bahari haikuizuia jati. Hapahapa Dar, Wahindi wa Lohana wana ukumbi wao, wa Patel wao. Kufuli lenyewe, hata hivyo, liko kwenye ndoa, huko na huku.

Mzee mmoja wa bao, aliyesonya kuliko sote, akasema hao watu wana mambo. Muuza kahawa, ambaye huwa hasemi, akamuuliza taratibu huku anasuuza kikombe: "Sheikh, yule kijana aliyemposa binti yako, mlimkatalia nini vile?"

Mzee akashika kete, akazihesabu mara mbili, akacheza shimo ambalo halikuwa lake.