Mkonge Apata Macho

Mume wangu alinunua Land Rover kwenye mnada wa shamba la mkonge. Ikaja nyumbani ikivutwa na trekta, na watoto wakaipa jina la Mkonge kabla baba yao hajapata nafasi ya kunieleza ni vipi fedha za bati la jikoni zimegeuka gari. Hayo tuliyamaliza. Yaani mimi niliyamaliza. Jiko bado linavuja.

Sitaki kumsema vibaya Mkonge, maana ni gari la heshima. Ni Series IIA ya 1965, mdogo wa Muungano kwa mwaka mmoja. Bodi yake ni ya aluminiamu, kwa sababu Land Rover ya kwanza ilipoonyeshwa Amsterdam mwaka 1948, chuma kilikuwa cha mgao Uingereza baada ya vita, na aluminiamu ilipatikana kwa urahisi zaidi. Ndiyo maana hapa Tanga, ambako hewa ya bahari hula hata bawaba za kabati, bodi ingali nzima ilhali chesi imeungwaungwa kila mahali. Taa zake za mbele haziko kwenye madigadi kama za Land Rover zilizofuata baadaye. Ziko katikati, ubavuni mwa rejeta, zimesogeleana kama wasengenyaji wawili.

Kasoro ilikuwa hizo taa. Ukiziwasha usiku ilibidi mtu ashuke akahakikishe kama zimewaka. Barabara ya Pangani tulikuwa tukienda kwa kuikumbuka.

"Mwanangu, washa taa," mama mkwe alikuwa akisema kutoka kiti cha nyuma.

"Zimewaka, mama."

"Basi washa na nyingine."

Shemeji yangu, mdogo wake mume wangu, anaishi Sharjah, na kila akija likizo huja na dawa ya maradhi ambayo hakuulizwa. Safari hii aliulizwa, tena kwa simu ndefu ya usiku wa manane, nami nikawa nasikia upande mmoja tu: "Ndiyo... inchi saba... hapana, duara... leta zote." Akazileta zote. Ndani ya boksi mlikuwa na taa mbili, balbu mbili za LED zenye feni ndogo kwa nyuma, na balbu mbili za halojeni zilizoandikwa 100/90, wati ambazo mtu mwingine angewashia ukumbi.

Taa ya duara ya inchi 7 ina baraka zake. Kipimo hicho kilikuwa cha lazima Marekani tangu 1940, kikaja kuvaliwa na magari ya kila namna, Jeep, Mini, Land Rover, hivyo taa ya leo hukaa kwenye tundu la juzi bila kukata bati. Zile za zamani zilikuwa kipande kimoja, kioo na nyuzi vimefungwa pamoja. Uzi ukikatika unatupa taa nzima. Hizi mpya zinapokea balbu ya H4 ya kubadilisha, aina iliyotoka mwaka 1971. Mpaka hapo mume wangu alikuwa na haki ya kufurahi.

Sebule ikageuka gereji. Skrubu zilikaa kwenye bakuli langu la futari, zile taa kuukuu zikalala juu ya kochi na kitambaa changu cha kufuma chini yake, na mtoto wetu wa mwisho akapewa cheo cha kushika tochi. Balbu za LED zikafungwa. Swichi ikavutwa. Feni hazikuzunguka, mwanga haukuja. Akageuza plagi, akapuliza, akasema maneno ambayo mshika tochi aliyabeba mpaka madrasa.

Kumbe Mkonge ana tabia ya magari mengi ya Kiingereza ya enzi zake: kwenye betri, nguzo ya chanya ndiyo iliyofungwa kwenye chesi, si hasi kama ilivyo kwenye magari ya leo. Balbu ya LED inajali umeme umeingia mlango gani. Ukiijia kwa nyuma, haifungui. Balbu ya uzi haina maringo hayo. Umeme utoke kulia au kushoto, uzi utapata moto na utawaka. LED zikarudishwa kwenye boksi, zikafungwa zile za wati 100.

Loo! Mkonge akaona. Aliona mpaka ndani ya nyumba ya jirani, na jirani akatoka na kanga ya kulalia kuuliza kama kuna msiba. Mume wangu alitupakia wote tukazunguka mji bila shughuli yoyote, ilimradi tuone kuta.

Mimi huketi kushoto, kwa hiyo niliona jambo ambalo dereva hakutaka kuliona. Upande wangu, waliko waenda kwa miguu, baiskeli na mbuzi, giza lilikuwa lilelile. Mwanga wa dimu ulikuwa umepanda kulia, ukawapiga usoni wanaokuja. Kila gari lilitupigia fulu, na dereva mmoja wa basi alitoa kichwa dirishani akataja ukoo wetu. "Wanaisifu," akasema mume wangu.

Sharjah hushika kulia, sisi hushika kushoto. Kioo cha taa ya mbele huchongwa kwa kufuata hilo: dimu huinuliwa kidogo upande wa ukingo wa barabara ili umwone mpita njia, na hushushwa upande wa anayekuja ili usimpofushe. Kioo cha huko kikifika huku hufanya kinyume, kinamsetiri mbuzi na kumpofusha dereva wa basi. Anayenunua ana alama ya kutazama. Kwenye taa za kipimo cha Ulaya, zile za nchi zinazoshika kushoto huwa na mshale mdogo kwenye kioo, ambao ukisimama mbele ya gari utauona umeelekea mkono wako wa kulia. Zetu hazikuwa na mshale wowote. Nilisema. Niliambiwa wivu.

Ndipo ikaja harusi kule Soni, ya binti wa wifi yangu. Tukapanda na Mkonge kutoka Mombo mchana, zile kona zote, mama mkwe akisoma dua kila korongo lilipokuja upande wake. Jioni, sufuria za pilau zikiwa motoni nyuma ya nyumba na nyama haijaungwa, umeme ukakatika. Watu wengine wangetafuta karabai. Mume wangu alisimama, akatengeneza kola, akasema, "Niachieni mimi."

Akamrudisha Mkonge nyuma, akamgeuza, akaelekeza pua jikoni, akawasha fulu. Wapishi wakapiga vigelegele. Ulikuwa mwanga wa kuchambulia mchele. Akaacha injini inaunguruma taratibu, akaenda kuketi na wazee kupokea pongezi.

Nilikuwa nikimenya vitunguu, nikaona nyeupe inageuka njano, na njano inageuka kahawia. Kisha ikaja harufu. Mpishi mkuu akanusa sufuria zake zote, moja baada ya nyingine, akaapa kwamba hakuna kilichoungua. Moshi ulikuwa unatoka kwenye dashibodi. Mume wangu alikuja mbio na kanzu yake mkononi, akavuta swichi, akabaki na kipande vidoleni. Pilau ile iliungwa kwa tochi za simu, na kuna mwenye simu aliyezidisha hiliki. Kulipokucha Mkonge aliwashwa kwa handeli ya kuzungusha mbele, wajomba wakipokezana, na bwana harusi alikatazwa kusogea kwa kuhofia suti.

Aliyetuokoa ni mzee mmoja wa Mombo, fundi umeme wa magari aliyezeekea kwenye matrekta ya mkonge. Hakufungua boneti kwanza. Aliuliza balbu ni za wati ngapi, akajibiwa, akakaa chini. Taa mbili za wati 100 kwenye volti 12 hunywa ampea 16 na ushee. Dainamo ya gari hili, hata likienda mbio, hutoa kama 22 tu. Injini ikiwa inaunguruma taratibu haitoi kitu cha maana, na kila unachokiona kinatoka kwenye betri. Na mzigo huo wote hupita kwenye swichi ya dashibodi, ukashuka kwenye swichi ya dimu inayokanyagwa kwa mguu, ukapanda tena mpaka mbele, kwa nyaya nyembamba za 1965, bila fyuzi njiani.

Kisha akachukua mita akapima kwenye taa. Volti zilizotoka kwenye betri hazikuwa zilizofika. Kila kiungo chenye kutu kilikuwa kimekata ushuru wake, na pale nyaya za taa zilipofungwa kwenye bodi palikuwa na unga mweupe wa chumvi. Ikipotea volti 1 kati ya 12, alisema, kama robo ya mwanga imekwenda nayo. Kwa hiyo hata zile taa za kwanza hazikuwa na kosa. Zilikuwa na njaa.

Dawa yake ilikuwa rilei mbili, moja ya fulu na moja ya dimu, waya mnene kutoka betri wenye fyuzi, na ardhi mpya ya umeme kwenye bodi, iliyokwanguliwa mpaka bati likang'aa. Swichi mpya ya dashibodi sasa hubeba umeme kidogo wa kuiamrisha rilei tu. Mzigo wenyewe unapita kwa mkato. Balbu akaweka za kawaida, 60/55, na vioo vyenye mshale. Fedha zote hazikufikia bei ya lile boksi la Sharjah, hilo nalisema kwa sauti na mume wangu anasikia.

Ikabaki kuzilenga. Hilo hufanywa usiku, mbele ya ukuta, gari likiwa na mzigo wake wa kawaida, maana spring za nyuma zikilala pua huinuka na taa zikatazama nyota. Ukuta ulikuwa wa jirani, aliyekubali kwa sharti asichorewe kwa mkaa. Mzigo wa kawaida ni sisi. Tukapanda wote, na gunia la mchele, na mama mkwe katikati, mume wangu akiwa nje na bisibisi anainua na kushusha.

"Zimewaka?" akauliza mama mkwe.

"Zimewaka, mama."

"Naziona. Sasa geukia jikoni kwa mkeo, tuone hilo bati linavuja wapi."

Shemeji amepiga simu juzi. Amesikia LED hazikufaa, anasema tusimwonee haya, akija atatuletea honi ya lori.