Ukoko wa Injini na Kanzu ya Mkwe

Gari letu lilianza kukohoa mwezi wa Shaabani, na kufikia Mfungo Mosi lilikuwa na pumu kamili. Asubuhi ukilipiga stati latetemeka kama mtu aliyeamshwa kwa maji ya baridi. Kwenye foleni ya Digo Road usukani hucheza mikononi, na ukikanyaga mafuta kwa ghafla wasikia ndani kitu kikigonga ka-ka-ka, mfano wa changarawe kwenye kopo. Ni gari dogo la Kijapani, mtumba, lililoshuka Kilindini likiwa na miaka saba, kwa kuwa sheria ya Kenya hailipokei likishapita minane. Tangu lishuke, halijapumzika.

Mjomba wangu amekula umri wake katika vyumba vya injini za meli, na tangu astaafu hajapata kitu cha kutengeneza. Alhamisi jioni alipolisikia likiingia mtaani aliinuka barazani, akaacha kikombe cha kahawa nusu.

"Hebu fungua boneti."

Akachomoa plagi moja, akaipapasa kwa kidole gumba, akanionyesha kidole. Cheusi ti, na masizi makavu kama ya chemli.

"Waona? Injini yako imefanya ukoko."

Sijawahi kusikia maelezo bora kuliko hayo. Petroli isiyoungua sawasawa, pamoja na oili kidogo inayopenya pembeni ya pistoni, huganda juu ya pistoni na kwenye valvu, tabaka juu ya tabaka, kama wali uliosahauliwa jikoni. Ukoko ukishakuwa mnene, nafasi ya hewa hupungua, na vipande vyake hushika moto kama makaa, vikawasha petroli kabla ya plagi kutoa cheche. Hapo ndipo injini hugonga.

Mjomba, kwa upande wake, lawama alizibebesha petroli ya siku hizi. Zamani, asema, petroli ilikuwa na risasi na plagi zilitoka na rangi ya kijivu safi. Nikamkumbusha kuwa risasi hiyo ilikuwa sumu kwa bongo za watoto, ndiyo maana Kenya iliachana nayo mwaka 2006, na mwaka 2021 Shirika la Mazingira la Umoja wa Mataifa, pale Gigiri, likatangaza kuwa hakuna nchi tena iliyobaki ikiwauzia wenye magari petroli hiyo. Mjomba akanitazama kama niliyemsema vibaya marehemu.

Mke wangu alikuwa mlangoni anasikiliza. "Ukoko haukwanguliwi," akasema. "Ukoko hulowekwa."

Mjomba akacheka. "Mambo ya jikoni hayo, mwanangu."

Ijumaa, saa tatu asubuhi, tukaanza. Tulifungua kwanza mpira mkubwa wa hewa, tukaona kile kibati kinachofunguka na kufunga ukikanyaga mafuta. Kimezungukwa na lami nyeusi. Nikapulizia dawa ya kopo, nikasugua kwa mswaki, nikapangusa kwa tambara, na kusema kweli nilisikia raha. (Mswaki niliuokota bafuni nikidhani ni wa kutupwa. Haukuwa wa kutupwa, na mwenyewe ni mama mkwe wangu. Kisa hicho tukiache.)

Lau tungekomea hapo, tungeoga na kuwahi msikitini. Lakini Mjomba alikuwa amekuja na mfuko, na ndani ya mfuko mna chupa ya maji na mpira wa dripu, ule wa hospitali, wenye kigurudumu cha kupunguza na kuongeza matone.

Mbinu yenyewe si ya kubuni. Unachomoa ule mpira wa vakyumu uendao kwenye breki, unachomeka dripu, unaipandisha injini mizunguko kama 2,000 kwa dakika, na yenyewe hujivutia maji tone kwa tone. Tone likigusa chuma cha moto hugeuka mvuke, na maji yakiwa mvuke hutanuka zaidi ya mara 1,600. Mvuke huo ndio hupasua ukoko na kuutoa nje kwa ekzosi. Hata ndege za kivita za Vita Vikuu vya Pili zilitiliwa maji kwenye injini, ingawa zile zilitaka nguvu zaidi, si usafi.

Mjomba akaketi kwenye usukani, mimi nikashika kigurudumu. Tone. Tone. Tone. Moshi mweupe ukaanza kutoka nyuma, mwembamba, wa adabu. Dakika tano zikapita. Nikaona tukienda hivi tutaikosa Ijumaa, nikakizungusha kigurudumu kidogo tu.

Hewa hubanika, maji hayabaniki. Hilo nililisoma darasani na kulipatia alama, nisilikumbuke siku ya haja. Maji yakijaa silinda, pistoni inayopanda haina pa kwenda, na kinachopinda ni konrodi. Injini ikabwia funda, ikaguna mguno mmoja mzito, ikataka kuzima. Mjomba naye, kwa mazoea ya meli, akaona chombo chataka kuzama, akakanyaga mafuta mpaka mwisho.

Mungu alituhurumia kwa injini. Kwa kilichotoka nyuma hakutuhurumia. Ekzosi ilitema kishindo, kisha wingu lililojaza uchochoro toka ukuta hadi ukuta, na chini ya wingu mnyunyizo wa maji meusi kama wino wa pweza. Mtu akapiga kelele, "Moto!" Madirisha yakafunguka. Muuza kahawa akakumbatia dele lake. Vijana wawili wakaja mbio na ndoo, na mmoja akamwaga ndoo yake ndani ya boneti kabla hatujamuwahi.

Wingu lilipopanda nikaiona. Kwenye kamba, nyuma ya gari, hatua tatu hivi: kanzu nyeupe ya mkwe wangu, iliyofuliwa, ikatiwa buluu na kuanikwa mapema ili ikauke kabla ya adhana. Toka kifuani hadi pindoni ilikuwa na madoa kama kanga, yule ndege.

Mkwe wangu alitoka, akaitazama kanzu, akalitazama gari, akanitazama mimi na dripu mkononi. "Mgonjwa ni nani?" akauliza, akarudi ndani. Hakusema zaidi. Afadhali angenitukana. Alikwenda kuswali na kanzu kuukuu iliyotatuka kwapani.

Jumamosi nikafanya nililopaswa kufanya mwezi wa Shaabani, nikaita fundi. Kijana mpole, kucha zake nyeusi kuliko plagi zangu. Hakuuliza tulifanya nini. Nadhani mtaa ulikuwa umeshamwambia. Aliuliza, "Hili gari huenda wapi?"

"Markiti," nikasema. "Shule. Msikitini. Nyumbani."

"Nyali?"

"Sikukuu."

Akacheka mpaka akaweka spana chini. Toka Makadara hadi Markiti, mtu hufika kwa miguu kabla hajamaliza andazi. Ncha ya plagi haianzi kuunguza masizi yake yenyewe mpaka ifike nyuzi kama 450. Gari langu halijapata kufika huko tangu lishuke melini: nawasha, najikokota nyuma ya tuktuk na mikokoteni, nazima. Injini ikiwa baridi hutiliwa petroli nyingi, na petroli nyingi ndiyo masizi. Gari ni zima, akasema, ila limefungwa kisiwani.

Kisha akachomoa plagi zote nne, akamimina dawa kidogo katika kila tundu, akafunika kwa tambara.

"Sasa?"

"Sasa twaliwacha. Ukoko ulowe mpaka asubuhi."

Nilimtazama mke wangu. Alikuwa anaangalia dari, na kule jikoni kwenye beseni kanzu ya babake ilikuwa imelowekwa kwa limau na chumvi tangu jana.

Jumapili fundi akalizungusha gari bila plagi mpaka dawa yote ikatoka, akabadilisha oili, akatia plagi mpya. Akatuamuru twende Kilifi, kilomita 60 hivi, bila kulibembeleza. Kwa hivyo tukapakiana sote, Mjomba pia. Hadi Mtwapa lilikuwa bado lakohoa. Baada ya hapo barabara ikafunguka, nikakanyaga, na nyuma yetu moshi mweusi ukatoka mara mbili, tatu, kisha ukakoma. Tulipopanda daraja la Kilifi, lile walilojenga Wajapani na kufunguliwa 1991, sauti ya injini ilikuwa imekuwa moja, laini, kama cherehani iliyotiwa mafuta. Mjomba akasema ni kazi ya yale maji. Hakuna aliyemjibu.

Kanzu ilitakata, isipokuwa kifuani palibaki kivuli cha rangi ya chai. Mkwe wangu alikuwa amekaa mbele, kando yangu, na njia nzima alinizungumza vizuri tu, habari za bei ya nazi na za mvua. Alikuwa amevaa kanzu ya rangi ya kahawa.