Jaji Anaomba Kura Houston

Mkinakomba wa Tana River aliyehamia Houston, Texas, amewaandikia wazee wa nyumbani kwamba huko majaji wanaomba kura. Wanabandika mabango, wanatembea na fulana zenye majina yao, Jumapili wanapita makanisani kusalimia waumini. Mjomba wake aliposomewa barua hiyo aliuliza swali moja tu: wanaahidi nini? Mbunge huahidi kisima, MCA huahidi basari. Jaji ataahidi nini, kukufunga kwa upole?

Jibu limekuja refu. Texas, jaji husimama kwa tiketi ya chama, kama diwani. Kaunti ya Harris, yaani Houston yenyewe, ina viti vya ujaji kwa makumi, na mpiga kura wa kawaida hawajui hata watatu. Mwaka 2018 alikuwa bado anaruhusiwa kuchagua chama mara moja na kura ikawaangukia wagombea wote wa chama hicho, kuanzia gavana hadi jaji wa mirathi. Wanawake weusi 17 wa Democrat walishinda ujaji siku moja. Vigelegele vilikuwa vya haki. Lakini wimbi hilohilo liliwazoa majaji wa Republican, hodari na wavivu, bila mtu kuwachambua.

Halafu kuna pesa. Wazee walikataa kuamini habari ya West Virginia, ikabidi wasomewe mara ya pili. Mwaka 2004 Don Blankenship, bosi wa kampuni ya makaa ya mawe iliyokuwa imeshindwa kesi ya dola milioni 50, alimwaga dola milioni 3 kumsaidia Brent Benjamin aingie Mahakama ya Juu ya jimbo. Benjamin akashinda. Rufaa ilipofika aligoma kujiondoa, akapiga kura upande wa kampuni, na kampuni ikapona kwa kura 3 kwa 2. Mwaka 2009 Mahakama ya Juu ya Marekani ilisema alipaswa kukaa kando. Hata hilo lilipita kwa kura 5 dhidi ya 4!

Majaji wa mahakama za kitaifa za Marekani hawapigiwi kura na wananchi: Rais huteua, Seneti huthibitisha, na jaji hukaa maisha. Zamani Seneti iliweza kukubaliana. Antonin Scalia alipita 98 kwa 0 mwaka 1986. Ketanji Brown Jackson, mwaka 2022, alipita 53 kwa 47.

Kenya nayo ina sinema yake. Tume ya Utumishi wa Mahakama huwahoji watu hadharani, na mwaka 2011 Willy Mutunga aliulizwa kuhusu hereni yake. Akawa Jaji Mkuu, na hereni yake sikioni. Kati ya majina 40 ya majaji yaliyokaa mezani kwa Rais Uhuru Kenyatta, 34 yalitoka mwaka 2021. Sita waliobaki waliapishwa mbele ya Rais William Ruto mwaka uliofuata.

Lakini fikiria kampeni za ujaji Tana River. Ng'ombe wameingia shambani, kesi iko Hola au Garsen, na kabla mgombea hajafungua mdomo ameshaulizwa: wewe ni wa jembe au wa fimbo? Kura zingehesabiwa kwa ukoo, na mwenye ukoo mdogo angeshindwa kesi siku ya uchaguzi. Jaji mgeni aliyeletwa kutoka Nairobi angalau hana shangazi Kinakomba.

Wazee walichangamka zaidi kwa habari ya Wisconsin. Aprili 2025, kiti kimoja cha Mahakama ya Juu ya jimbo kiligombaniwa kwa zaidi ya dola milioni 100. Elon Musk alifika Green Bay na kofia yenye umbo la jibini, akawakabidhi wapiga kura wawili hundi za dola milioni moja kila mmoja. Mgombea wake, Brad Schimel, akaangushwa na Susan Crawford. Mjomba ametuma ujumbe wa sauti kuuliza kama hundi hizo hutolewa pia kwa wasio wakazi wa Wisconsin, na kama kofia ni ya lazima.